Mtoto anaendesha: mahali pa kuikalisha akili unde katika kliniki na duka la dawa

Mama anaingia kliniki ya mtaani, Kayole au Kawangware, anamwambia muuguzi: "Mtoto anaendesha tangu jana." Muuguzi haulizi anaendesha nini. Anauliza ni mara ngapi, kama kuna damu, kama mtoto bado ananyonya, kisha anafinya ngozi ya tumbo aone inarudi kwa kasi gani. Sentensi hiyohiyo ikipitishwa kwenye programu ya kunakili sauti na kutafsiri, mtoto anaweza kuonekana upande wa pili akiwa nyuma ya usukani. Hilo ni kosa la afadhali, maana kila mtu ataliona. Kosa la hatari ni "homa". Hapa Nairobi mtu akisema ana homa, mara nyingi anamaanisha mafua: pua inatiririka, koo linawasha. Kamusi inasema homa ni joto la mwili kupanda. Mashine ikifuata kamusi, inaandika joto, na kuanzia hapo kipimo cha malaria na dawa zinazopendekezwa vinajengwa juu ya dalili ambayo mgonjwa hakuitaja. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu sentensi imenyooka.

Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, watu wamezoea kulinganisha modeli, yaani programu zenyewe zinazotoa majibu: ipi imefaulu mtihani gani wa udaktari, ipi ni kubwa zaidi. Kwa mwenye kliniki ya vyumba vitatu au duka la dawa lenye kaunta moja, mashindano hayo yana faida ndogo. Linalomhusu ni mahali ambapo akili unde (wengine wamezoea kusema akili mnemba) itakaa katika kazi yake: itaona nini, itasema lini, nani atakuwa na neno la mwisho, na nani atakagua ilipokosea. Modeli moja, ikikalishwa mahali pabaya, inaongeza kazi. Ikikalishwa vizuri, inazuia makosa.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka hapahapa mjini. Mwaka 2025 Penda Health, yenye kliniki za huduma ya msingi Nairobi, ilichapisha pamoja na OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, matokeo ya chombo kiitwacho AI Consult. Walifuatilia ziara 39,849 za wagonjwa katika kliniki 15, baadhi zikihudumiwa na wahudumu wenye chombo hicho na nyingine na wasio nacho. Madaktari wa nje walisoma sehemu ya rekodi hizo na kuhesabu makosa. Waliokuwa na chombo walipunguza makosa ya utambuzi wa ugonjwa kwa asilimia 16 na makosa ya matibabu kwa asilimia 13, wakilinganishwa na wenzao.

Nambari hizo zimenukuliwa sana. Namna chombo kilivyotengenezwa haikunukuliwa vya kutosha, na ndipo penye somo. Chombo hakingoji kuulizwa. Afisa wa kliniki anapomaliza sehemu fulani ya rekodi, kama historia ya ugonjwa, vipimo au dawa, programu inaisoma kimyakimya na kurudisha rangi. Kijani: hakuna la kusema. Manjano: kuna ushauri, utazame ukipenda. Nyekundu: simama usome kabla ya kuendelea. Uamuzi unabaki kwa mhudumu. Toleo la awali lilimtaka mhudumu aombe ushauri mwenyewe, na hapo tatizo liko wazi: anayekosea bila kujua hana sababu ya kuomba ushauri, na mwenye foleni ya watu ishirini nje hana dakika ya kuandika swali.

Kuna jambo la pili ndani ya utafiti huo ambalo ningependa kila mwenye kliniki alisome mara mbili. Walipima ziara zilizoishia kwenye nyekundu, yaani zile ambazo onyo lilitolewa na rekodi ikafungwa bila kurekebishwa. Kwa wasio na chombo, nyekundu hizo, ambazo wao hawakuonyeshwa, zilikuwa kati ya asilimia 35 na 40. Mwanzoni wenye chombo hawakuwa tofauti nao. Maonyo yalikuwa yakiwaka na watu wakiyapita. Nambari ilishuka hadi asilimia 20 baada ya kazi ya wazi ya kuwashika mkono wahudumu: wenzao wenye ujuzi kukaa nao, kila mmoja kuonyeshwa matokeo yake, na maonyo yenyewe kunolewa. Modeli ilikuwa ileile. Kwa hiyo mtu akikuuzia mfumo wa namna hii na gharama ya mafunzo ikawa mstari mmoja mwishoni mwa ankara, amekuuzia nusu. Utafiti huohuo haukuonyesha tofauti ya uhakika kitakwimu katika idadi ya wagonjwa waliosema baadaye kwamba hawajapata nafuu. Makosa kupungua kwenye rekodi ni hatua kubwa, lakini si sawa na kusema wagonjwa wamepona zaidi, na anayekuambia hivyo anaruka daraja.

Sasa tuseme kliniki ndogo inataka kujenga kitu cha aina hiyo. Kazi ya kwanza haina akili unde ndani yake: ni kujaza rekodi. Chukua mtoto anayekohoa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za kasi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59. Zinahesabiwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kama mahali pa pumzi kwenye rekodi ni patupu, au pamejazwa "24" kwa kila mtoto aliyeingia asubuhi hiyo, hakuna modeli duniani itakayotofautisha mafua na nimonia. Mbaya zaidi, modeli za lugha hazipendi pengo. Zisipopewa uzito wa mtoto, zitakisia kutoka umri na kuendelea kana kwamba uzito ulipimwa. Dawa ya pengo ni sheria ya kawaida ya programu, si ya modeli: bila umri, uzito, joto na pumzi, rekodi ya mtoto haitumwi.

Hesabu ya dozi nayo isiachiwe modeli ya lugha. Modeli hizi hutabiri neno linalofuata. Zinapatia hesabu mara nyingi, na "mara nyingi" haitoshi kwenye dawa. Mtoto wa kilo 12, paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 180. Kwenye chupa ya miligramu 120 kwa kila mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Lakini rafuni iko pia chupa ya miligramu 250 kwa mililita 5, na mililita 7.5 za hiyo ni miligramu 375, zaidi ya mara mbili ya dozi. Kosa halikutoka kwenye hesabu, limetoka kwenye chupa ambayo hakuna aliyeitaja. Kwa hiyo rekodi ilazimishe kuchagua nguvu ya dawa kutoka orodha ya zilizomo dukani siku hiyo, fomula ya kawaida ipige hesabu, na akili unde ibaki na kazi inayoiweza: kuuliza kama dawa yenyewe inalingana na ugonjwa ulioandikwa.

Maelekezo mnayoipa modeli yawe ya mahali mlipo. Isipoambiwa, itajibu kama hospitali kubwa ya nchi nyingine na kupendekeza vipimo ambavyo hamna. Iambieni mnafuata miongozo ya Wizara ya Afya ya Kenya, maabara yenu inapima nini, na rufaa mnaipeleka wapi. Iambieni pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maambukizi ya malaria ya hapa ni machache, hivyo kwa mgonjwa mwenye joto iangalie kama safari imeulizwa: aliyerudi juzi kutoka Busia au Kisumu si sawa na ambaye hajatoka Donholm mwaka mzima. Mwisho, iwekeeni kamusi yenu: anaendesha ni kuharisha, homa peke yake isigeuzwe joto mpaka kipimajoto kiseme, kichomi ni maumivu ya kuchoma kifuani au ubavuni, na mgonjwa aulizwe ni wapi hasa. Kamusi hiyo itungwe na wauguzi, kwa sababu wao ndio huyasikia maneno hayo kabla hayajageuzwa Kiingereza cha rekodi.

Wanaotaka kurekodi sauti ili mhudumu asiandike wajue jambo moja zaidi. Whisper, programu ya kunakili sauti iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ilichunguzwa na watafiti waliochapisha mwaka 2024, na katika takriban asilimia 1 ya vipande vya Kiingereza walivyojaribu walikuta maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema. Vipindi virefu vya kimya vilichangia. Chumba cha daktari kina kimya kingi: mhudumu akisikiliza kifua, akipima presha. Zimeni kinasa sauti wakati wa kumpima mgonjwa, na mhudumu asome alichokuta kwa sauti baada ya kumaliza.

Nyekundu ziwe chache. Mkianza na aina arobaini za maonyo, kwa wiki mbili watu watakuwa wanabonyeza kitufe bila kusoma, na kuwarudisha kwenye kusoma ni kazi ngumu kuliko kuanza upya. Ningeanza na sita au saba tu: dalili za hatari kwa mtoto zilizoachwa bila rufaa, dozi nje ya kiwango, dawa mbili zinazogongana, dawa isiyofaa ujauzito, antibayotiki isiyo na sababu iliyoandikwa, presha ya juu sana bila mpango. Kisha kila Ijumaa mtu mmoja mwenye ujuzi asome rekodi 40, nusu nyekundu na nusu kijani. Kijani ndizo zinazosahaulika, na ndiko hatari inakolala. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichunguza mfumo wa kampuni ya Epic wa kutabiri sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi), uliokuwa tayari ndani ya mamia ya hospitali za Marekani, wakakuta umekosa theluthi mbili ya wagonjwa waliopata sepsisi. Maonyo uliyotoa yalionekana kwa macho. Wagonjwa ambao ulinyamaza juu yao walionekana tu baada ya mtu kwenda kuwatafuta.

Picha za eksirei ni habari nyingine, na hapa akili unde imekomaa zaidi. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali programu zisome picha ya kifua badala ya mtu katika kutafuta kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na zaidi. Programu hutoa alama, na ninyi ndio mnaochagua alama ya kukatia, yaani inayotenga anayeshukiwa na asiyeshukiwa. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Tuseme mmepiga picha watu 1,000 na 10 kati yao wana kifua kikuu. Programu inakamata 9 kati ya kila wagonjwa 10, na kati ya wazima inashuku 3 kwa kila 10. Itawashuku wagonjwa 9 na wazima 297: jumla 306 wa kutoa makohozi kwa kipimo cha GeneXpert, ili kuwapata 9. Mtu asiyejua hesabu hii atasema mashine ni mbovu. Haina ubovu: mnalipia vipimo 306 badala ya 1,000, na mnampoteza mgonjwa mmoja. Mkipandisha alama ili wazima wanaoshukiwa wawe 1 kwa kila 10, washukiwa wazima wanashuka hadi 99, lakini huenda mkapoteza wagonjwa 3. Uamuzi huo ni wa mpango wa afya na bajeti ya vipimo, si wa muuza programu. Alama iliyowekwa kwingine isiaminiwe hapa bila kupimwa kwa watu wa hapa, hasa penye wengi waliowahi kuugua kifua kikuu, maana makovu ya zamani huidanganya programu.

Kuhusu picha za matiti, Uswidi walifanya jaribio la wanawake zaidi ya 100,000 kwa msaada wa akili unde, na kazi ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44 huku saratani zilizogunduliwa zikiongezeka. Habari njema kabisa. Ya kuiweka kando yake imetoka Polandi mwaka 2025: madaktari wa uchunguzi wa utumbo mpana waliozoea akili unde, walipofanya kazi bila hiyo, kiwango chao cha kupata vivimbe kilishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Napendekeza siku moja kila wiki mbili chombo kizimwe kwa mhudumu mzoefu, na rekodi zake zikaguliwe baadaye, ili ujuzi usichakae bila mtu kujua.

Kaunta ya duka la dawa ina matatizo yake, na mengi yanahusu karatasi. Picha ya ankara ya msambazaji inasomwa na modeli kwa sekunde chache, lakini 1 na 7 za mkono hufanana, katoni 10 zenye pakiti 20 huingizwa kama pakiti 10, na tarehe 03/04 husomwa Machi au Aprili kulingana na mazoea ya modeli. Msibishane nayo. Wekeni hesabu ya kuikagua: idadi mara bei ilingane na jumla ya mstari, mistari yote ilingane na jumla ya chini hadi shilingi ya mwisho, na dawa yoyote yenye tarehe ya kuisha iliyo chini ya miezi sita isubiri macho ya mtu. Isiyolingana irudi kwa binadamu nzima, si mstari mmoja.

Kutabiri mzigo ndiko pesa iliko, na ndiko kosa moja hurudi kila mara. Duka linauza pakiti 6 za dawa fulani kwa siku, msambazaji huchukua siku 4, na mnataka akiba ya siku 3: agizeni zikibaki 42. Rahisi. Sasa dawa iliisha kwa siku 3 katika siku 10. Kumbukumbu inaonyesha pakiti 42 zimeuzwa kwa siku 10, mashine inaona 4.2 kwa siku, inaagiza pungufu, dawa inaisha mapema zaidi, na mwezi ujao makisio yanashuka tena. Wateja wameshahamia duka la jirani, na mashine imehitimisha kwamba hawakuwahi kuwepo. Ongezeni safu moja kwenye daftari: dawa ilikuwepo rafuni, ndiyo au hapana. Gawanyeni mauzo kwa siku ilizokuwepo tu. Safu hiyo ina thamani kuliko modeli yoyote ya kununua. Kisha ndipo mtaona faida ya mashine kusoma misimu: mvua ndefu za Machi hadi Mei, shule zikifunguliwa, mwisho wa mwezi watu wakilipwa.

Majibu ya WhatsApp yawekwe nyuma ya uzio. Modeli isitaje bei ambayo haikuisoma kwenye orodha yenu ya leo. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada kumlipa abiria ambaye boti ya kampuni hiyo, yaani programu yake ya kujibu wateja, ilimpa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba; kampuni ilijaribu kusema boti inawajibika yenyewe, na hoja hiyo ikakataliwa. Ijaribuni kwa maneno ya wateja wenu, si ya kitabuni: "iko pesa ngapi", "thao na soo mbili" (yaani 1,200), "nipatie ile ya manjano ya kifua". Kabla ujumbe haujafika kwa modeli, upite kwenye orodha ya maneno ya dharura, kama damu, hapumui, degedege, amekunywa sumu, mjamzito, na ukiwa na mojawapo simu ya mfamasia ilie papo hapo.

Kuna bili pia. Kampuni nyingi hutoza kwa tokeni, si zile za stima, bali vipande vya maneno. Neno kama "hatutawapelekea" hukatwa vipande vingi kuliko neno fupi la Kiingereza, kwa hiyo mazungumzo ya Kiswahili hugharimu zaidi kwa maana ileile. Ndiyo sababu kazi kama UlizaLlama ya Jacaranda Health, iliyotoka 2023 na kuongeza tokeni za Kiswahili kwenye modeli ya Llama, ina maana kwetu kuliko kwa watu wengine.

Sheria nayo haingoji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Mtoa huduma ya afya anajisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata biashara ikiwa ndogo, uvujaji wa data unaripotiwa kwa Kamishna ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Lakini uvujaji mkubwa hauko kwenye seva. Uko kwenye simu ya mfanyakazi anayepiga picha matokeo ya maabara, jina na namba ya kitambulisho vikiwa juu, na kuyatuma kwenye akaunti yake ya bure ili aelezwe. Hamtamzuia kwa kumkaripia. Mpeni chombo cha kazi kinachofuta jina, simu na kitambulisho kabla ya kutuma, na kiwe chepesi kuliko simu yake.

Stima ikipotea saa tisa alasiri, foleni haiondoki. Kila chumba kiwe na fomu ya karatasi yenye mistari ileile ya kwenye skrini na kwa mpangilio uleule: umri, uzito, joto, pumzi kwa dakika, dawa na nguvu ya chupa. Juu kabisa, kabla ya hayo yote, iwe na mstari mmoja mrefu wa kuandika maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka.